Wavulana Nao Waingie Jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wenzangu wa Kidato cha Tatu hulicheka. Nasema kuwa wavulana nao yawapasa kujua kupika; na kwa somo la kwanza napendekeza chakula cha mbali kiitwacho burito, pamoja na mchuzi wake mwekundu wa pilipili.

Burito huliwa sana kaskazini ya Meksiko na katika jimbo la New Mexico huko Marekani. Ni mkate mwembamba wa ngano uliokunjiwa maharage au nyama ndani yake. Jina lake kwa Kispania maana yake ni punda mdogo. Ngano ilipelekwa huko na Waspania katika karne ya 16, lakini pilipili na maharage ni mazao ya asili ya bara hilo. Hata pilipili zetu sisi zilitoka huko, zikavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi mtu asiseme kuwa chakula hiki hakituhusu.

Mchuzi hupikwa hivi. Chukua pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa, zisizo kali sana. Pilipili kichaa hazifai, kwa kuwa hapa pilipili ndiyo mchuzi wenyewe, si kiungo cha kutia kidogo. Toa vikonyo na mbegu. Zipashe katika kikaango kikavu mpaka zinukie. Zikiungua, mchuzi wote utakuwa mchungu. Ziloweke katika maji ya moto kwa dakika 20, uzisage pamoja na kitunguu saumu na chumvi, kisha uchuje maganda. Kaanga kijiko cha unga wa ngano katika mafuta, umimine rojo hilo, uchemshe kwa moto mdogo mpaka liwe zito.

Mkate nao ni unga, chumvi, mafuta na maji ya vuguvugu. Acha donge lipumzike nusu saa ndipo usukume. Huchomwa katika kikaango kikavu, haukaangwi kwa mafuta kama chapati. Ponda maharage yaliyoiva, uyakaange kidogo, uyaweke katikati. Kunja ncha mbili, viringisha, kisha umwagie mchuzi juu.

Wako wasemao kuwa jikoni hakuna elimu. Fabián García, mzaliwa wa Chihuahua, Meksiko, alihitimu mwaka 1894 katika chuo cha kilimo huko Las Cruces, New Mexico. Alitumia miaka mingi kuchagua na kupanda pilipili, akitafuta zenye umbo moja na ukali usiozidi, ili watu wengi waweze kuzila. Mwaka 1921 aliwatolea wakulima aina iliyoitwa namba 9. Ikiwa msomi kama huyo hakuona haya kushughulikia kilichomo katika sufuria, sisi tunaona haya ya nini?

Wengine husema kupika ni kazi ya dada zetu. Katika nyumba nyingi nizijuazo, jioni kaka hukaa na kitabu na dada hukaa na sufuria. Kisha wote wawili huletewa mtihani mmoja. Saa anazopoteza mmoja ndizo anazopata mwingine. Je, hiyo ni haki?

Huenda mtu akauliza kwa nini tusianze na chapati. Chapati dada amekwisha kuzisukuma tangu utotoni. Mvulana akijaribu mbele yake atachekwa, naye atakimbia. Lakini burito hakuna kwetu aliyefundishwa na mama yake, kwa hiyo wote huanza pamoja. Likizo iliyopita dada yangu na mimi tulizipika: yeye alisukuma mikate, mimi nilitengeneza mchuzi. Baba alikula mbili, ndipo akauliza mchuzi ule ulipikwa na nani. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, akasema, "Vema. Kesho ugali ni wako." Tangu siku ile tunapeana zamu, naye dada anapata jioni tatu kila juma za kusoma.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waanzishe chama cha mapishi, wavulana na wasichana waingie pamoja. Nawaomba wazazi nao wagawe zamu za jikoni pasipo kutazama nani ni wa kiume na nani ni wa kike. Najua nitaambiwa: pilipili usiyoila yakuwashiani? Jibu langu ni kwamba hii tunaila sote kila siku, ila anayeungua mikono jikoni ni mmoja tu.

Ndimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu