KONA YA FUNDI: Mipira midogo ya injini, usiirudishe kwa kubahatisha

Mwezi uliopita tuliongea juu ya betri, na nashukuru kwa waliopita kunisalimia chini ya mti. Mwezi huu nina habari ambayo si ya kujisifu. Lakini fundi anayeficha kosa lake anawafundisha nini watoto wa wenzake?

Jirani yangu mmoja ana pikapu ya zamani, Toyota Hilux yenye injini ya petroli, 22R, lita 2.4. Ndiyo inabeba mahindi yetu na maharage kwenda sokoni, na usiku mgonjwa akizidiwa ndiyo hiyo hiyo. Kabureta yake ya kwanza ilishakufa zamani, wakafunga nyingine isiyo ya gari lile. Mwezi wa pili mwaka huu aliniletea tuisafishe. Nina kijana ninayemfundisha kazi, umri wake miaka 16. Nikamwambia fungua yote, safisha, halafu rudisha. Mimi nikaenda kwenye mgao wa chakula. Nikarudi, nikawasha injini, ikanguruma. Nikasema sawa, peleka.

Kesho yake asubuhi ile pikapu imejaa magunia na watu sita juu. Kwenye mteremko dereva anakanyaga breki, pedali ngumu kama jiwe. Bwana, Mungu ni mwema: yule mzee alirudisha gia ya kwanza, akaielekeza pikapu kwenye shamba la migomba, ikasimama huko. Mama mmoja aliumia mkono. Migomba ya watu ililala chini, na tumeilipa.

Kumbe tatizo lilikuwa nini? Mpira mmoja tu, umerudishwa kinyume.

Sasa tusikilizane vizuri. Injini ya petroli inavuta hewa kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Usipokanyaga mafuta, kile kisahani ndani ya kabureta kinafunga njia, na chini yake mvuto unakuwa mkali sana. Mvuto huo ndio vakamu. Mipira inaupeleka kufanya kazi sehemu mbalimbali, na kila mpira una nyumba yake. Ile minne mikubwa ni hii:

1. Mpira wa breki. Huu ni mnene kuliko yote. Unatoka kwenye busta, lile duara kubwa nyuma ya injini upande wa dereva, na kwenda moja kwa moja kwenye manifoldi. Katikati yake kuna valvu inayopitisha hewa upande mmoja tu. Puliza kwa mdomo: hewa ipite kutoka busta kwenda injini, isirudi. Kijana wangu aliigeuza. Breki bila busta inafanya kazi, lakini inataka nguvu ya miguu ya watu wawili, na gari likiwa na mzigo huwezi.

2. Mpira wa pumzi ya injini. Unatoka kwenye valvu ndogo juu ya kifuniko cha injini, unaingia chini ya kabureta. Mwingine wa kifuniko hicho hicho unakwenda kwenye boksi la chujio la hewa. Usiibadilishane.

3. Mpira mwembamba wa distributa. Kwenye injini nyingi za aina hii unakaa kwenye mdomo ulio juu kidogo ya kile kisahani, ambapo hakuna mvuto mpaka ukanyage mafuta. Ukiuweka mdomo wa chini, injini inapiga kelele imesimama na taimingi inakuwa ya uongo. Kupima ni rahisi: weka kidole kwenye mdomo, injini ikiwa inanguruma polepole. Ukivutwa, huo siyo.

4. Mpira wa mvuke wa petroli, unaotoka kwenye kopo jeusi la makaa. Ukiachwa wazi utasikia harufu ya petroli hata ndani ya kabini. Na mpira wa tanki unaoingia kwenye kopo usiuzibe, tanki lazima lipumue.

Gari likishabadilishwa kabureta, inabaki midomo isiyo na kazi. Usizibe kwa kijiti wala mfuko wa plastiki. Weka kofia ya mpira, au kipande cha mpira chenye skrubu ndani, ufunge klipu. Mdomo mmoja ulio wazi unatosha kufanya injini imisi, ipate joto na ile mafuta ya bure.

Kutafuta panapovuja: kata mpira wa urefu wa mkono, upande mmoja kwenye sikio, mwingine uutembeze taratibu karibu na viungo. Utasikia "sssss". Au nyunyiza maji ya sabuni; mlio wa injini ukibadilika, umepapata. Nawaomba vijana, musitumie petroli kutafuta kama nilivyoona wengine wanafanya. Injini ya moto na petroli, huo ni msiba unajiitia mwenyewe.

Mwenye geji ya vakamu: usawa wa bahari, injini nzima inaonyesha inchi 17 hadi 21. Kila mita 300 unazopanda, toa inchi 1 hivi. Sisi tuko kwenye mita 1,200 na zaidi, kwa hiyo 13 hadi 17 si ugonjwa.

Breki nazo, kabla gari haijatoka: zima injini, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo hapo, washa. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, gari halitoki. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, na mimi sikukifanya. Kwa hiyo kosa ni langu, si la mtoto. Nimekwenda kwa yule mama na kwa mwenye pikapu, nikalisema hivyo mbele ya wazee.

Kijana alitaka kuacha kazi kwa aibu. Nikamwambia lete daftari lako la shule. Sasa kabla ya kung'oa mpira wowote anachora injini, anaandika namba, na anafunga karatasi yenye namba hiyo hiyo kwenye kila mpira. Halafu anatazama chini ya boneti, maana magari mengi ya Japani yana karatasi ya mchoro pale. Ila kabureta ikiwa si ya gari hilo, mchoro hautoshi, pima kwa kidole. Juzi alifungua kabureta nyingine na kuirudisha peke yake, na breki akazipima kabla hata sijamwuliza.

Wazazi, mtoto akitaka kujifunza ufundi, mpeni na daftari pamoja na spana.

Mwezi ujao: taa za nyuma na fyuzi. Mbaki salama.