Pima kwanza, ndipo ulehemu

Mafundi wengi wakiona wimbi la osileta limeharibika hukimbilia kubadilisha transista. Mimi naipinga tabia hiyo. Sisi waandishi wa programu twajua: usiguse kitu kabla hujajua hitilafu iko wapi.

Anza na kinachopima. Unganisha probu na wimbi la mraba la majaribio la osiloskopu yenyewe, aghalabu la hezi 1,000. Pembe zikiviringika, zungusha skrubu ndogo ya probu.

Halafu pima umeme unaolisha saketi. Stima ya Kenya ni ya hezi 50. Kapasita za pawa zikichakaa, mara nyingi utaona kitetemo cha hezi 100 kimepanda juu ya wimbi.

Mwisho, tazama ukuzaji. Katika osileta ya daraja la Wien, amplifaya hukuza mara 3. Ikizidi, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa. Katika HP 200A, William Hewlett alitumia balbu ndogo: wimbi likikua, balbu hupata moto, ukinzani wake hupanda, ukuzaji hushuka.

Kipuri kinachobadilishwa kwa kubahatisha hula pesa za mteja na kufuta ushahidi. Wewe waonaje?