Chungu cha mvinje
Mwenzangu wa Mbagala alibeba mche wa msonobari kutoka Mufindi, akautia kwenye chungu akitaka bonsai kama za Wajapani. Kaskazi ya Januari ikaumaliza. Sikushangaa, ila roho iliniuma. Misonobari ya Sao Hill, huko huko Mufindi, asili yake ni milima ya Meksiko, nayo inataka ubaridi ambao Dar es Salaam haina hata wakati wa kipupwe. Mti wetu ni mvinje, ule unaovuma upepo ukipiga fukwe za Kigamboni na Kunduchi. Vinavyoonekana kama sindano za msonobari ni vijitawi vyembamba. Majani yenyewe ni magamba madogo mno kwenye maungio ya pingili. Nao haukatai mkasi: ukiukata, unachipua. Mwezi Machi, masika yakishashika, kata matawi marefu, ubadilishe udongo na kupunguza mizizi kwa kiasi. Juni hadi Agosti mti hukua polepole, basi gusa ncha tu, na ulegeze waya uliokunjia matawi kabla haujazama kwenye gome. Vuli ikija, punguza tena. Usilipogoe tawi likabaki halina kijani hata kidogo, maana tawi la namna hiyo mara nyingi hufa. Na ile dhana kwamba mvinje, kwa kuwa ni wa pwani, huvumilia kiu, haifai kwenye chungu: Januari na Februari mwagilia asubuhi na jioni, bila kukosa.