Fundi, sikiliza mwenye baiskeli kabla ya kufungua moteri

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, nanyi familia mlio mbali na vijiji vyenu kwa sababu ya vita, leo nina ugomvi na mafundi. Si wote. Ni wale ambao moteri ikizimika tu, kitu cha kwanza wanachoshika ni ufunguo wa kufungulia kichwa cha moteri. Nasema wazi: huo si ufundi, ni kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Mnazijua baiskeli ninazosema. Kijana anachukua baiskeli ya mizigo, anafunga juu yake moteri ndogo iliyotoka kwenye mashine ya kukatia mbao, anaongeza cheni ya pili, na kidumu cha plastiki kinakuwa tangi. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza hivyo, basi hakuna kitabu chake. Kitabu chake ni yule anayeiendesha kila siku. Na ndiye huyo ambaye mafundi hawataki kumsikiliza.

Kuna mama mmoja aliyekimbia na watoto wake kutoka upande wa Salamabila. Sasa wanakaa hapa Kasongo kwa ndugu wa marehemu mume wake. Kitu kimoja cha maana walichotoka nacho ni baiskeli ya namna hiyo. Mtoto wake wa kwanza anabebea watu mchele na mawese, jioni nyumba inakula. Siku moja moteri ikaanza kuzimika njiani. Inatembea robo saa hivi, inakohoa, inakufa. Wakipumzika kidogo, inawaka tena, halafu inakufa tena.

Walipofika kwa fundi, mama alisema: "Papa fundi, nikifungua kifuniko cha kidumu ninasikia kinalia fyuu, kama kinavuta pumzi. Baadaye moteri inawaka." Fundi akamjibu: "Mama, acha mambo ya kidumu. Hapa pistoni na segima zimekwisha." Akafungua moteri yote. Mama akauza mbuzi wawili, segima mpya zikawekwa. Kesho yake moteri ikazimika baada ya robo saa ileile.

Ugonjwa ulikuwa nini? Kifuniko cha zamani kilikuwa kimepotea, mtoto akafunga kingine kisicho na tundu, akakikaza kwa mpira ili esansi isimwagike. Esansi ikitoka, hewa haiingii kujaza nafasi yake, mwisho esansi nayo inakataa kushuka. Kidumu kilikuwa kweli kinavuta pumzi. Tundu dogo la sindano juu ya kifuniko, na mambo yakaisha. Mama alikuwa ametaja ugonjwa siku ya kwanza. Mbuzi wake hawakurudi.

Sasa nisikieni vizuri, nitasema polepole ili mwenye kuandika aandike. Moteri hizi ndogo, ambazo oili yake inachanganywa ndani ya esansi, zinadai mambo manne tu: esansi, moto, hewa, na nguvu ya kubana ndani ya silinda. Yote manne yanaweza kupimwa bila kufungua moteri.

Anza na esansi. Hapa kwetu inafika ikiwa imepita mikono mingi: pipa, kidumu, kisha chupa ya Kadhafi kando ya barabara. Weka kidogo ndani ya chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yakiwemo, utayaona chini, kwa sababu ni mazito kuliko esansi. Angalia pia uchafu, na legeza kifuniko uone kama hewa inaingia. Esansi ile ya kwenye chupa usiirudishe kama ina maji.

Pili, moto. Toa buji, uirudishe kwenye waya wake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha moteri, kisha vuta kamba. Ukiona cheche kali ya bluu, moto upo. Fanya hivyo mbali na esansi iliyomwagika na mbali na tundu la buji, maana kuna watu wameungua. Cheche ikikosekana, kabla ya kununua kitu chochote fuata waya wa kuzimia. Kwenye baiskeli hizi unasuguana na chuma cha baiskeli kila shimo la barabara, ngozi yake inachubuka, na moteri inazimwa bila mtu kuizima.

Tazama na rangi ya buji. Ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye kulowa inaonyesha oili nyingi au hewa kidogo. Nyeupe ni hatari: moteri inachemka, oili ni kidogo au hewa inaingia mahali isipotakiwa, mara nyingi kati ya karbirateri na moteri. Moteri inayopiga kelele yenyewe bila kuongezewa esansi, izime upesi kabla pistoni haijashika.

Tatu, hewa. Vumbi la barabara zetu linaziba filtri, na masizi yanaziba bomba la moshi. Safisha vyote viwili.

Nne, nguvu. Ziba tundu la buji kwa kidole gumba, mwenzako avute kamba. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, silinda bado inabana. Kikikaa tu bila kusukumwa, hapo ndipo ninakubali neno la pistoni na segima. Hapo, si kabla.

Nina neno pia kwenu wenye baiskeli. Oili mnapima kwa jicho, na wengine wanatia oili chafu iliyomwagwa na kamio. Moteri nyingi za aina hii zinataka kati ya mililita 20 na 40 za oili safi kwa kila litre 1 ya esansi, kufuatana na moteri yenyewe. Tafuta kikombe kimoja cha kupimia, usikibadilishe. Na yule anayesema moteri imelogwa na jirani, nimwambie: jirani hakuingia ndani ya kidumu chako.

Mafundi watanijibu, na nimekwisha kuwasikia: "Wewe mtu wa redio, unajua nini? Hatuna vyombo, vipande vya kubadilisha vinatoka mbali, na mteja anataka haraka." Ni kweli vyombo ni haba. Lakini chupa nyeupe, kidole gumba na masikio vinauzwa duka gani? Na kama vipande vinatoka mbali na ni ghali, hiyo ndiyo sababu ya kutokubahatisha. Fundi wa Kindu akikosea, anaweza kutuma mtu sokoni. Ukikosea huku Kabambare, familia inangoja wiki nyingi bila kula jasho lake.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Fundi apime hayo manne mbele ya mwenye chombo, na alipwe kwa kupima, kwa maana kupima nako ni kazi. Kipande cha zamani kirudishwe mkononi mwa mwenyewe, akione. Na kila karakana impokee walau kijana mmoja wa familia zilizokimbia, ajifunze kupima. Baiskeli hizi zinabeba chakula, na usiku zinabeba mama mwenye uchungu kwenda kituo cha afya pale ambapo hakuna gari. Zikilala kwa sababu ya kiburi cha fundi, si chuma peke yake kinacholala.

Mama yule bado yuko hapa Kasongo. Mtoto wake sasa anatembea na sindano, imechomekwa kwenye kola ya shati. Nilimuuliza ya nini. Akasema: "Hii ndiyo fundi wangu."

Mafundi, msikubali sindano iwapite.