Makatekista kwanza

Kijana wetu akitaka kufunga ndoa kanisani, awe Munich, Minneapolis au Mbezi, paroko wa huko atamwomba cheti cha ubatizo, tena kipya, kilichoandikwa ndani ya miezi sita. Kile cha zamani ambacho mama alikitunza sandukuni hakitoshi. Hapo simu zinaanza kupigwa Mbinga, Litembo, Lituhi au Mbamba Bay, na mtu katika ofisi ya parokia anafungua kitabu kikubwa, anashuka mistari kwa kidole mpaka alifikie jina. Usumbufu huu una sababu njema. Kwa sheria ya Kanisa, kipaimara, ndoa na daraja takatifu huandikwa kwenye mstari uleule wa ubatizo, hata kama mtu alivipokea ng'ambo ya bahari. Ukae Ulaya miaka thelathini, bado habari zako kamili ziko kwenye kabati la parokia ya nyumbani.

Nakitaja kitabu hicho kwa ajili ya jina ambalo halimo. Mstari una mtoto, wazazi, msimamizi, padri aliyebatiza, mahali na tarehe. Katekista hana nafasi yake. Ndiye aliyewafundisha wazazi, akaorodhesha watoto wa kigango, akamweleza msimamizi wajibu wake, akapeleka habari parokiani kwamba watu wako tayari. Siku yenyewe anasimama kando ya padri ameshika chombo cha maji, na mstari unaandikwa bila yeye.

Jimbo la Mbinga lilizaliwa tarehe 22 Desemba 1986, lilipomegwa kutoka Songea. Askofu Emmanuel Mapunda aliliongoza hadi 2011, akafuatiwa na Askofu John Ndimbo. Miaka 40 inatimia 2026, na katika vikao vyetu, sisi wana-Mbinga tulio mbali, mapendekezo ya kuchangia nyumbani ni yale tuliyoyazoea: vigae, vipaza sauti, kibao cha marumaru chenye orodha ya maparoko. Jarida hili linaomba tubadili mpangilio. Mwaka huu mchango wetu wa kwanza uwe kwa makatekista, walio hai na waliotangulia.

Historia tunayosimuliana huanza na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia. Padri Cassian Spiss aliianzisha misioni ya Peramiho 1898, mwaka uliofuata ikafunguliwa Kigonsera, na 1914 Litembo, juu kabisa kwenye milima ya Umatengo. Spiss, akiwa sasa askofu, aliuawa Agosti 1905 mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa moto, na Februari 1906 wazee wa Kingoni wakanyongwa Songea na Wajerumani. Imani yetu imepita katika damu ya pande zote mbili, na hakuna sababu ya kusimulia upande mmoja tu.

Kinachosimuliwa kidogo ni kilichotokea baadaye. Ujerumani iliposhindwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wamisionari wake waliondolewa nchini. Kusini ikabaki na mapadri wachache mno, mpaka Gallus Steiger, Mswisi, alipokabidhiwa uongozi 1922 na kazi ikaanza kusimamishwa upya. Miaka ile yote mtu alikufa akazikwa, mtoto mahututi akabatizwa, sala za asubuhi zikasaliwa. Aliyekuwepo kufanya hayo alikuwa kijana wa kwetu mwenye mafunzo machache, bila mshahara wa uhakika, bila kujua kama padri atarudi. Wamisionari waliporudi walikuta watu bado wanasali. Hapo ndipo parokia zetu zilipookolewa, na hapo ndipo kumbukumbu yetu ni tupu kabisa. Majina ya mapadri wa enzi ile tunayo pamoja na picha zao. Ya makatekista yamebaki vichwani mwa wajukuu.

Makatekista wakaja kuwa walimu wetu pia. Vizazi vingi vya Mbinga vilishika ubao kwa mara ya kwanza katika shule ya kigango, mbele ya katekista. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za misioni, naye akaendelea na mafundisho yake ndani ya kanisa la udongo.

Walio leo kazini tunawajua. Padri akifika kigangoni mara moja kwa mwezi, Jumapili zinazobaki ni za katekista: rimu la gari linagongwa, watu wanaingia, anaongoza ibada ya neno, anasoma matangazo ya ndoa, anapokea madebe ya mahindi ya mavuno, jioni anapeleka sala kwa mgonjwa. Milimani anajua kwamba kahawa ikiiva watoto wa komunyo ya kwanza wako shambani na wazazi. Kwenye Ziwa Nyasa anapanga mafundisho kwa kutazama mwezi, maana usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na vijana wa kipaimara ndio wenye mikono mtumbwini. Tena ufukwe ule una Waanglikana wengi, matunda ya misioni yao ya kisiwani Likoma, na familia zetu zimechanganyika tangu zamani. Mama Mkatoliki aliyeolewa kwa Waanglikana akifariki, katekista wetu ndiye anayekaa na mwenzake chini ya mwembe kupanga nani atasali nini, na kwaya zote mbili zinaimba. Hakuna semina ya umoja wa Wakristo inayoshinda kazi hiyo.

Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, na sasa lami ya kilomita 66 inateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Gari la paroko linafika upesi. Vigango vingi viko mbali na lami, na huko katekista bado anakwenda kwa miguu.

Kikaoni ndugu mmoja alisema ukatekista ni wito, pesa itauharibu. Naiheshimu hofu hiyo, maana nimeona misaada ikizaa wivu. Lakini padri naye ana wito na tunamtegemeza kwa zaka bila kuona haya. Katekista anaishi kwa jembe lake, na siku anazozika watu jembe limelala. Dawa ya wivu ni kutomtumia mtu binafsi pesa kwenye simu. Mchango upite parokiani, Halmashauri ya Walei iujue, makatekista wote wa parokia wapate sawa: bima ya afya ya kaya, koti la mvua, gharama za kozi.

Wengine wamesema tuwaachie wenzetu wa Jimbo la Würzburg, Ujerumani. Jimbo hilo na letu ni marafiki tangu 1989, na kanisa kuu letu liko chini ya somo wao, Mtakatifu Kiliani, Muairishi aliyeacha kwao akauawa Würzburg yapata mwaka 689. Nafurahi kwamba somo wa kanisa kuu letu ni mtu aliyeishi na kufa ugenini. Sisi tulio mbali tunaweza kumwomba kwa ujasiri. Urafiki huo umetusaidia mengi. Ila kumvisha koti la mvua mtu aliyemfundisha bibi yako Baba Yetu ni deni la ukoo wako, si la Mjerumani.

Kuhusu waliotangulia, tuna muda mfupi. Wazee waliopata mafundisho miaka ya 1940 na 1950 wamebaki wachache. Wiki hii mpigie mmoja, babu, bibi au shangazi, umuulize katekista aliyemfundisha aliitwa nani, alitoka kijiji gani, alizikwa wapi. Asipokumbuka jina la ubatizo, andika lile walilomwitia kijijini. Mletee katibu wetu majina kabla ya mkutano wa mwaka, nasi tutayapeleka parokia kwa parokia ili wenyeji wasahihishe. Kibao cha marumaru kikibaki na nafasi, majina ya maparoko yatafuata.