Akampene Si Kichekesho

Ziwa Bunyonyi ni zuri, na sitaki mtu adhani kwamba naandika haya kwa sababu sikuuona uzuri wake. Limelala kati ya vilima vya Wakiga, karibu na mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kiasi cha mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Zamani palikuwa na bonde. Volkano ikatapika, bonde likazibwa, maji yakajaa, na vilele vya vilima vikageuka visiwa. Leo vinahesabiwa 29. Mashamba ya matuta yanapanda kutoka ukingoni hadi kwenye mawingu, na alfajiri ndege hulia kila upande. Jina lenyewe la ziwa maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Mwenye nafasi na aende.

Ugomvi wangu ni juu ya kisiwa kimoja tu, tena kilicho kidogo kuliko vyote ambavyo mgeni huonyeshwa. Kinaitwa Akampene; watalii wamezoea kukiita Kisiwa cha Adhabu. Ni kipande cha nyasi na mti, basi. Mashua inapokikaribia hupunguza mwendo, na mwongozaji husema kwamba hapa ndipo walipotupwa wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa. Katika mashua niliyopanda mimi, watu walicheka. Bwana mmoja aliwatania mabinti waliokuwamo: "Jihadharini, tutawaacha hapa!" Zikapigwa picha, kisha mazungumzo yakahamia kwenye chakula cha mchana.

Nasema hivi: hadithi ile husimuliwa nusu, na nusu inayofichwa ndiyo yenye maana.

Hebu tuiseme yote. Binti alipoolewa, baba yake alipokea ng'ombe. Binti aliyepata mimba nyumbani hakuweza tena kuleta mahari ile. Basi alichukuliwa na watu wa nyumbani kwake mwenyewe, akapakiwa mtumbwini, akaachwa pale bila chakula. Usiku wa milima ile una baridi kali, na wengi wao hawakujua kuogelea. Aliyebaki alikufa kwa njaa. Aliyejaribu kuvuka alizama. Pengine alitokea mwanamume fukara asiye na ng'ombe wa mahari, akamchukua bure akawa mkewe. Tazama basi: hapo palikuwa na hesabu ya mifugo iliyovikwa joho la maadili. Na yule mwanamume aliyempa mimba? Katika hadithi ya mashuani hatajwi kabisa. Visiwa vyote 29, hakuna hata kimoja kinachoonyeshwa kuwa kilikuwa chake.

Wapo watakaoniambia kwamba mgeni amekuja kustarehe, na kwamba vijana wa makasia wanapata riziki yao kwa hadithi hizo. Riziki yao naitakia heri. Sisemi wanyamaze, nasema wasimulie kama watu wanaopita karibu na kaburi. Mambo haya hayako mbali kama tunavyodhani. Desturi ile ilikoma katika karne iliyopita tu, na mwaka 2017 bikizee mmoja aliyewahi kuachwa Akampene, kisha akaokolewa na mwanamume wa namna hiyo, aliwaeleza waandishi wa habari kwa kinywa chake yaliyompata. Watu wa namna hiyo wana watoto na wajukuu. Huenda mpiga kasia anayekuvusha ni mmoja wao.

Wengine watasema: hizo zilikuwa desturi za Wakiga, sisi zatuhusu nini? Nyani haoni kundule. Mimi ni Mtanzania. Katika nchi yangu, kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kike aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwaka 2017 Rais wa nchi alitamka hadharani kwamba hatarudi darasani, na umati ukapiga makofi. Mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi. Akampene yetu haikuzungukwa na maji. Ilizungukwa na ua wa shule, na msichana aliwekwa nje yake bila kungoja hukumu ya mtu mwingine yeyote. Waliopiga makofi wana haki gani ya kuwacheka Wakiga wa kale?

Na ziwa lile lile linatufundisha njia nyingine. Kipo kisiwa cha Bwama. Huko, katika miaka ya 1930, daktari mmisionari, Leonard Sharp, alianzisha makao ya kuwatibu wenye ukoma, watu ambao kila mtu aliwakimbia. Nao walitengwa, ndiyo. Lakini walitengwa ili wapone, si ili wafe. Leo Bwama ina shule, na watoto huvuka maji kwenda kusoma. Aliyetupwa na watu aliweza kupokewa na watu.

Basi ukienda Bunyonyi, mwambie mwongozaji wako akupeleke Bwama pia. Na mashua ikipita mbele ya Akampene, uliza wale ng'ombe walikuwa wangapi. Uliza baba alikuwa nani. Uliza yule mwanamume alikwenda wapi. Kama hakuna anayetaka kujibu, bora kamera ibaki mfukoni na mashua ipite kimya.