Ng'ombe Asiyetoa Maziwa



Juma hili nimepokea barua ya mzee mmoja mkulima, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake wala kijiji chake, kwa maana mwanawe husoma ukurasa huu. Mzee asema kwamba mwanawe ni karani mjini Nairobi, naye anataka kununua motokaa ya kwendea kazini. Fedha alizo nazo hazitoshi, kwa hiyo amemwomba baba yake auze mtamba mmoja ili zitimie. Mzee auliza: "Je, Bwana Karani, motokaa ni haja au ni fahari? Nami niuze mtamba wangu au nisiuze?"

Swali hili si dogo. Mtamba ni maziwa ya miaka mingi ijayo, na motokaa ya kale ikinunuliwa leo, kesho bei yake imekwisha kushuka. Lakini sitamjibu mzee kwa maneno ya kusikia tu. Mimi mwenyewe nimepanda matatu miaka tisa, kisha nikaendesha motokaa yangu miezi minane, kisha nikarudi katika matatu. Nitaeleza yaliyonipata, naye atahukumu.

Nyumba yangu iko Ruiru, na ofisi yangu iko katikati ya Nairobi, mwendo wa kilomita 25 hivi. Wakazi wa Nairobi walipata huduma ya mabasi ya mjini mwaka 1934. Matatu zilikuja baadaye, zikapewa jina lake kwa sababu ya nauli, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alizipa ruhusa ya kuchukua abiria bila ile leseni ya mabasi, na tangu hapo zikazidi kama kumbikumbi baada ya mvua. Mwaka 2004 ndipo zilipobanwa na zile sheria ambazo watu wote huziita sheria za Michuki: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni.

Sheria hizo zilituondolea mengi, lakini hazikuuondoa ujanja wa kituoni. Kondakta akikuambia, "Imebaki nafasi ya mtu mmoja," usidhani ni ya mtu mzima. Huenda ni nafasi ya nusu mtu, na hiyo nusu nyingine utajua mwenyewe pa kuiweka. Siku moja niliiona matatu iliyokaribia kujaa, nikaingia mbio na kulipa nauli yangu, nikamshukuru Mungu. Mara abiria sita wakasimama pamoja wakashuka, wakaenda kuketi katika matatu ya nyuma. Kumbe hao hawakuwa wasafiri! Kazi yao ni kukaa tu, ili wajinga kama mimi tudhani gari li tayari kuondoka. Nikakaa humo dakika arobaini, peke yangu na mama mmoja mwenye kuku, na yule kuku alikuwa na subira kunishinda.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mwezi wa Aprili 2023 nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba, nikanunua motokaa ndogo ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na watu wengine kabla yangu. Asubuhi ya kwanza nilivaa tai. Majirani walisimama langoni wakanipungia mikono, na mmoja akaniita Mheshimiwa. Nakiri kwamba sikumkataza.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano majirani watatu walikuwa wakiningoja langoni, maana na wao wanafanya kazi mjini. Walitaka kunichangia nauli, lakini nilikataa. Wasomaji wenye motokaa na walijue jambo hili: gari la nyumbani haliruhusiwi kuchukua abiria wa kulipa bila leseni ya kazi hiyo, na ajali ikitokea watu wa bima waweza kukataa kulipa. Basi niliwachukua bure. Ajabu ni kwamba mtu anayechukuliwa bure ndiye mwenye malalamiko mengi. Jirani mmoja alikuwa akiketi mbele kama afisa mkubwa, na juma la tatu aliniambia, bila hata kucheka, "Dereva, kesho jitahidi kufika mapema kidogo."

Lakini shida kubwa ilikuwa njia yenyewe. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, ikiwa na njia nane pahali pengine, tulisema kwamba sasa msongamano umekwisha. Kumbe upana wa barabara huita magari kama vile asali iitavyo nzi. Kila asubuhi nilikwama palepale nilipokuwa nikikwama nikiwa abiria, ila sasa sikuweza kusinzia. Siku moja karibu na Pangani, matatu ya zamani yangu ilisimama ubavuni pangu. Yule kondakta alichungulia dirishani, akanitambua, akasema kwa sauti ya kusikiwa na abiria wote, "Karani! Kumbe ulituhama ili uje kungojea hapa?"

Nikatafuta hila nyingine. Nilianza kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Njia ikawa nyeupe, nami nilifika mjini saa kumi na mbili kasoro. Lakini ofisi hufunguliwa saa mbili. Basi nililaza kiti, nikajifunika koti na kulala ndani ya motokaa. Baada ya majuma mawili askari wa lango, mtu mzima mwenye huruma, aligonga kioo polepole akaniuliza, "Bwana, samahani, kwani mama amekufukuza?"

Na wakati huo huo bei ya petroli ilikuwa ikipanda. Bei hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, nami nilikuwa nikiingoja tarehe hiyo kama mshtakiwa aingojavyo hukumu. Mwezi wa Oktoba 2023 lita moja mjini Nairobi ilipita shilingi 217, na Novemba haikushuka. Mwezi huo huo wa Novemba yakatoka matokeo ya ule mtihani wa KCPE uliokuwa wa mwisho, na binti yetu wa kwanza alifaulu vizuri sana. Aliitwa shule ya bweni, aingie Kidato cha Kwanza Januari 2024. Tulishangilia, tukachinja kuku. Kisha usiku mimi na mama watoto tulifungua daftari ya akiba, tukaona kwamba ya sanduku, sare, godoro na karo hayamo. Binti alikuwa chumba cha pili akiimba, nasi tuliketi pale tukiusikia wimbo wake na hakuna aliyesema neno.

Desemba tulikwenda Murang'a kwa baba yangu, ambaye ni mkulima mwenye ng'ombe watatu. Nilikusudia kumwomba msaada. Baba hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kila ng'ombe wake ana ukurasa wake katika daftari: mkono wa kushoto huandika chakula na dawa, mkono wa kulia huandika maziwa. Ng'ombe ambaye kwa miezi sita mkono wake wa kushoto umeushinda wa kulia hupelekwa sokoni, hata kama ni mzuri wa sura.

Baba alinisikiliza hata mwisho, akachukua kalamu, akafungua ukurasa mtupu, akaniambia, "Mwanangu, hebu tumwandike huyu ng'ombe wako wa chuma. Anakula nini?"

Nikamtajia hesabu ya mwezi wa Novemba. Petroli lita 110 kwa siku 22 za kazi, shilingi 23,870. Mahali pa kuegesha, 4,500. Mkopo, 9,800. Bima, 2,300. Fundi, mafuta ya injini na akiba ya magurudumu, 3,000. Baba akajumlisha mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani amekosea: shilingi 43,470.

"Na matatu ilikuwa ikikula ngapi?"

Shilingi 200 kwa siku, kwenda na kurudi, na siku za mvua nauli hupanda. Haikupita 4,650 kwa mwezi.

Baba akavua miwani. "Sasa mkono wa kulia. Anatoa maziwa kiasi gani?"

Nilinyamaza. Ni kweli kwamba sikuwa nikifika mapema zaidi, wala sikuwa nikirudi nyumbani mapema zaidi. Nilikumbuka kwamba tulimpeleka jirani mja mzito hospitali usiku mmoja. Baba akasema jambo hilo ni jema, lakini teksi ya usiku mmoja haifikii 43,000. Akaandika chini ya ukurasa, kwa herufi kubwa: SOKONI.

Hapo mama watoto, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alisema kwa adabu, "Baba, niwieni radhi, hesabu hiyo ina upungufu. Mwanao ameandika safari zake tu, yangu hakuiandika."

Mama watoto ni muuguzi katika zahanati iliyo kilomita sita kutoka kwetu. Yapata siku 12 za kila mwezi hutoka kazini saa mbili za usiku. Kituo cha matatu kiko mbali na nyumba, na njia ya kati haina taa. Mara mbili amefuatwa na watu asiowajua, na mara moja alinyang'anywa mkoba. Haya mimi niliyajua yote. Lakini motokaa ilikuwa ikirudi mjini nami, imekwama Pangani pamoja nami, wakati yeye alipokuwa akitembea gizani.

Baba alikaa kimya kitambo kizuri. Kisha akakata lile neno SOKONI kwa mstari mmoja, akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe hana makosa. Wewe umekuwa ukimkamua pembe."

Basi shauri likawa hili. Mimi nilirudi katika matatu ya mchana, pamoja na wenzangu elfu nyingi. Motokaa ikabaki nyumbani kwa safari za usiku, za mgonjwa na za mzigo. Mama watoto alijifunza kuendesha, akapata leseni, na safari zake hazikupita lita 12 kwa mwezi, ambazo kwa bei ile ya Novemba ni shilingi 2,604. Mkopo, bima na fundi vilikuwa palepale, lakini kwa petroli na mahali pa kuegesha peke yake tuliokoa shilingi 21,116 kwa mwezi, baada ya kutoa nauli yangu. Baba alitukopesha ya sanduku na godoro, akaiandika katika daftari, tukamlipa kabla ya Pasaka. Binti aliingia shule siku ile ile waliyoingia wenzake.

Sasa nikujibu, mzee wangu. Usimuuze mtamba kwanza. Mwite mwanao nyumbani siku ya Jumamosi, na aje kwa matatu. Keti naye, mfungue ukurasa mpya. Mkono wa kushoto mwandike petroli, bima, fundi, mahali pa kuegesha na mkopo, kwa bei ya mwezi huo, si kwa bei anayoitamani. Mkono wa kulia mwandike kila safari ambayo matatu haiwezi kuifanya vizuri: ya usiku, ya mgonjwa, ya mtoto mdogo, ya magunia ya viazi. Na mkeo mwanao awepo, yaani mkwe wako, naye aulizwe, maana mimi nilimsahau wangu na kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko la petroli. Mkono wa kulia ukiwa na maneno ya kweli, msaidie. Ukiwa na neno moja tu, nalo ni "Mheshimiwa", basi mtamba na abaki zizini.

Nanyi vijana wenzangu wa maofisini, msione haya kupanda matatu. Mkubwa wetu ofisini, ambaye ana motokaa mbili, huja kwa basi kila siku. Hufika amekwisha kusoma gazeti, na sisi wenye motokaa hufika tumekwisha kugombana na watu kumi.

Juzi mvua kubwa ilinikuta nikishuka kituoni. Motokaa yetu ilikuwa ikipita, mama watoto yuko nyuma ya usukani, na yule jirani wa zamani ameketi mbele kama desturi yake. Mama watoto alisimama akateremsha kioo, akaniambia, "Baba watoto, ingia upesi. Imebaki nafasi ya mtu mmoja."

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Mimi, Karani wenu.